Bahari yote hii, mbona uvuvi haufikishi hata asilimia 2 ya uchumi?

"Mimi ni kijana wa Tanga, miaka 31, babu na baba wote wavuvi. Kila siku redioni ni uchumi wa buluu, tuna pwani ya zaidi ya kilomita 1,400 na bahari yetu inakwenda mpaka maili 200, halafu nasoma uvuvi unachangia chini ya asilimia 2 ya pato la taifa. Hizo hela anakula nani? Watu wanasema meli za wageni zinabeba jodari wetu sisi tunatazama. Kwa nini serikali isinunue meli kubwa kumi tukavue wenyewe? Na la pili, kikundi chetu cha watu 12 tunataka kuomba ule mkopo wa boti ya faiba usio na riba, boti ya mita 14, wenzangu wanataka tuingie bahari kuu. Mama yangu anakausha dagaa, yeye anasema tusijitie kwenye deni. Naomba ushauri wa kweli."

Mdogo wangu, hapa umeuliza maswali mawili, moja la nchi na moja la mfuko wenu, na nimefurahi umeyaleta pamoja maana jibu la la kwanza ndilo litakalowasaidia kwenye la pili. Nitakwenda taratibu, vumilia.

Tuanze na hiyo asilimia. Watu wa takwimu wakipiga hesabu ya pato la taifa, kwenye fungu la uvuvi wanaweka thamani ya samaki pale anaposhushwa na kuuzwa mara ya kwanza, wanatoa gharama za mafuta, barafu, nyavu na vingine, kinachobaki ndiyo mchango wa uvuvi, basi. Akishapakiwa kwenye gari kwenda Dodoma hiyo inahesabiwa usafirishaji, akiingia kiwandani ni viwanda, mama akimkaanga pembeni ya soko ni huduma ya chakula, na fundi aliyechonga mashua yuko fungu lingine kabisa. Halafu kuna samaki ambaye haandikwi popote, kitoweo cha mabaharia, ndoo zinazoshuka usiku kwenye diko, yaani pale vyombo vinaposhusha samaki, lisilo na karani. Kwa hiyo ukisikia chini ya asilimia 2 usielewe kwamba samaki hana maana kwenye uchumi, elewa kwamba hapo amepimwa kwenye hatua ya kwanza tu ya safari yake. Na hata hiyo chini ya asilimia 2 sehemu kubwa si ya bahari, ni ya maziwa, Victoria, Tanganyika na Nyasa. Bahari kwa kawaida inatoa kama sehemu moja ya kumi hivi ya samaki wote wanaovuliwa nchini, mwaka mwingine inazidi kidogo.

Najua hapo utauliza, inakuwaje ziwa liishinde bahari? Hili wengi hawaambiwi. Urefu wa pwani hauzai samaki. Samaki wanategemea vijimea vidogo vya majini, na vijimea vinahitaji virutubisho ambavyo vingi vimezama chini kwenye maji baridi. Kule Namibia na Peru upepo unasukuma maji ya juu kwenda mbali na pwani, maji baridi ya chini yanapanda na virutubisho vyake, ndiyo maana samaki wanajaa. Pwani yetu inapitiwa na mkondo wa maji ya uvuguvugu, yale maji ya moto yanakaa juu na yale yenye rutuba yanabaki chini. Halafu sehemu yetu ya maji mafupi ni nyembamba, ukiacha pale Mafia na mdomo wa Rufiji na mkondo wa Unguja, ukitoka kidogo tu umeingia kilindini. Nyinyi wa Tanga mnajua, mkondo wa Pemba una kina cha kama mita 800 na hamjaenda mbali kihivyo. Sasa kwenye hicho kijiukanda cha maji mafupi, upande wa bara peke yake, kuna wavuvi zaidi ya 50,000 wanagombania changu, tasi, pono na pweza walewale, na miaka mingi ya baruti na makokoro, zile nyavu za kukokota chini, iliharibu matumbawe ambayo ndiyo nyumba ya hao samaki. Baruti imepungua sana tangu operesheni za 2016 na 2017, namshukuru Mungu kwa hilo, ila tumbawe likishavunjwa halirudi kwa mwaka mmoja wala miwili.

Tuje bahari kuu, maana ndipo hasira za watu zilipo. Kisheria inaanzia ukishavuka maili 12 za baharini, kama kilomita 22, mpaka maili 200, na eneo hilo lote ni kama kilomita za mraba 223,000. Haki hiyo tuliipata kwenye mkataba wa bahari wa Umoja wa Mataifa wa 1982. Anayetafutwa huko ni jodari na wenzake, na jodari hana kwao. Sehemu ya mwaka yuko mlango wa Msumbiji, baadaye amepanda hadi mbele ya Somalia, kwetu anapita. Meli zinamfuata. Kwa hiyo ile picha ya kwamba kuna ghala la jodari limekaa pale nje linatusubiri, na kila siku wageni wanaliiba, naomba uiweke pembeni. Wizi upo na umewahi kukamatwa, utakumbuka ile meli ya Tawariq 1 ya Machi 2009 iliyokutwa na karibu tani 300 za samaki, wale ambao mpaka leo watu wanawaita samaki wa Magufuli kwa sababu ndiye alikuwa waziri mwenye dhamana ya uvuvi. Lakini meli nyingi zinazovua huko zinakata leseni. Shida yetu kubwa ni kwamba zikishavua haziji kwetu.

Sikiliza hapa vizuri maana ndiyo kiini cha jambo lote. Meli ya jodari ikijaza tani mia kadhaa kwenye matangi yake ya kugandishia inatafuta bandari ambako haitakaa foleni, itashusha samaki, itajaza mafuta, itapata maji, chakula, fundi wa nyavu, mabaharia wapya, halafu irudi baharini maana kila siku ikisimama inakula hela. Hiyo bandari kwa upande wetu wa Bahari ya Hindi ni Victoria, Shelisheli. Kisiwa cha watu laki moja na ushee. Pale pale bandarini kuna kiwanda cha kusindika jodari ambacho ni miongoni mwa vikubwa duniani, serikali yao ina hisa asilimia 40, na ndicho mwajiri mkubwa kuliko wote kwenye sekta binafsi ya nchi ile. Kwenye mkataba wao na Umoja wa Ulaya ulioanza 2020 walikubaliana kulipwa euro milioni 5.3 kwa mwaka kwa tani 50,000, ukigawa ni kama senti 10 za euro kwa kilo, ukiongeza na ada ya wenye meli ilizunguka senti 20. Unaona ilivyo ndogo? Leseni haijawahi kutajirisha nchi. Shelisheli inakula kwenye kushusha, kuhifadhi, kusindika, kuuza mafuta ya meli, mishahara.

Sisi tuliwahi kujaribu kuibana leseni yenyewe. Tukaweka mrabaha wa senti 40 za dola kwa kila kilo. Nia ilikuwa nzuri kabisa, tupate stahili yetu, ila kumbuka jodari anapita, na mwenye meli anaweza kumsubiri kwa jirani anakolipa karibu nusu ya hapo. Meli nyingi hazikurudi kukata leseni kwetu, na mwishowe mrabaha ukaondolewa. Mimi naona kosa halikuwa kudai zaidi, nchi lazima idai. Kosa ni kudai peke yako, na kudai kabla hujawa na bandari ya kumfanya mwenye meli akuhitaji.

Meli kumi za serikali sasa. Tulikuwa nalo Shirika la Uvuvi, TAFICO, tangu 1974, lilikuwa na meli, likafa miaka ya 1990, na sasa limefufuliwa. Meli ya jodari si kama gari la halmashauri kwamba ikiharibika inaegeshwa. Inahitaji nahodha aliyekaa na kazi hiyo miaka, mafuta mengi kila safari, vipuri vya haraka, na mnunuzi ambaye ameshasaini kabla haijatia nanga. Ukinunua meli kumi halafu huna bandari ya uvuvi, meli zako mwenyewe zitakwenda kushusha Victoria, na ajira ya nchi kavu itabaki kule kule. Ndiyo maana mimi nasema bandari kwanza, na ndiyo maana naifuatilia sana ile ya Kilwa Masoko ambayo jiwe la msingi liliwekwa Septemba 2023 kwa gharama ya zaidi ya shilingi bilioni 260. Ikifanya kazi vizuri, yaani umeme usiokatika, maji safi, vyumba vya baridi, maabara ya kupima samaki ambayo wanunuzi wa nje wanaiamini, hapo hata meli mbili tatu zetu zina maana. Ikiwa gati tupu, hakuna kilichobadilika.

Wapo wanaoitaja Namibia kama nchi iliyonufaika na samaki wake, na ni mfano mzuri, ila wausimulie wote. Walipopata uhuru 1990 walitangaza bahari yao, wakakamata meli za kigeni zilizokaidi, wakapunguza uvuvi ili samaki wapumue, halafu wakalazimisha sehemu kubwa ya samaki aina ya hake ashushwe na kukatwa viwandani kwao. Ajira zikaja kweli. Lakini pia ni kule kule ambako mwaka 2019 mawaziri wawili walikamatwa kwa kesi ya rushwa ya migao ya uvuvi. Mgao wa samaki ni hela inayogawiwa kwa sahihi, kwa hiyo popote pale orodha ya nani kapewa nini isipobandikwa hadharani, wananchi waulize.

Na kuna jambo moja zaidi la bahari kuu ambalo linakuhusu wewe moja kwa moja, usilipite. Nchi za Bahari ya Hindi zinakaa kwenye Tume ya Jodari yenye makao Shelisheli, Tanzania ni mwanachama tangu 2007. Jodari mapezi-njano walitangazwa 2015 kwamba wanavuliwa kupita kiasi, hali iliyodumu mpaka tathmini mpya ya 2024, na kuna mazungumzo ya miaka mingi ya kugawana nani avue kiasi gani. Nchi za mbali zenye meli kubwa zinataka mgao ufuate nani alivua kiasi gani huko nyuma, nchi za pwani zinasema samaki anayevuliwa kwenye maji yetu ahesabiwe kwetu, na mvutano unaendelea. Sasa fikiria, mnashusha jodari kumi pale dikoni, hakuna aliyepima, hakuna aliyeandika. Kwenye ile meza hao jodari hawakuvuliwa. Mvuvi mdogo anayeandikisha samaki wake anaipa nchi hoja, na hili silisemi kwa kukufurahisha, ndivyo hesabu zao zinavyokwenda.

Kabla sijaja kwenye boti nataka nimtaje mama. Watu wakisema uchumi wa buluu wanawaza meli, mimi nawaza dagaa. Ringineti, chombo cha wavu wa kuzungushia, inatoka usiku wa giza na taa zake, mwezi ukiwaka mabaharia wanapumzika, alfajiri ndoo zinashuka na kina mama wanasubiri. Wananunua kwa ndoo, wanawachemsha kwenye maji ya chumvi, wanawaanika, wanageuza, mvua ikinyesha wanakimbizana kufunika, jioni wanafungasha, na wanunuzi wengine wanawapeleka mpaka Congo. Hesabu mikono: mwenye chombo, baharia, mchukuzi wa ndoo, muuza kuni, muuza chumvi, mama mwenye jungu, kijana wa kuanika, dalali, mwenye lori. Kilo ya dagaa inapita kwenye mikono mingi ya Watanzania kuliko kilo ya jodari aliyepita maili 150 kutoka hapa akaenda kushushwa kwingine. Mama yako yuko katikati ya hiyo kazi na anaona hela inavyozunguka, kwa hiyo akisema ogopeni deni msimjibu haraka.

Haya, boti. Sikuambii msichukue. Mkopo usio na riba, hii inayopitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo, ni nafuu ya kweli ukilinganisha na tajiri anayekupa mashine halafu unamuuzia samaki kwa bei yake milele. Ila kutokuwa na riba si kutokuwa na rejesho. Tuseme, namba za mfano tu, mmetoka mkarudi na kilo 200 za samaki wazuri mkauza 8,000 kwa kilo, hiyo ni 1,600,000. Mafuta, barafu, chakula, ushuru tuseme 350,000. Inabaki 1,250,000 ya kugawana baina ya chombo na mabaharia. Sasa safari ileile, samaki walewale, ila barafu ilikuwa kidogo, mnafika samaki ameshalegea macho yamezama, mchuuzi anakupa 5,000. Mmepata 1,000,000, gharama haikupungua hata shilingi, inabaki 650,000. Bei imeshuka kwa zaidi ya theluthi kidogo lakini mfuko wenu umekatika karibu nusu. Rejesho haliulizi. Ndiyo maana nikipewa hela ya kutumia mara moja kwenye diko, mtambo wa barafu unakuja kabla ya boti ya pili.

Kwa joto letu barafu inatakiwa iwe karibu kilo kwa kilo na samaki, na watu wengi wanabeba robo ya hiyo. Kwa jodari na vibua kuna hatari ya ziada, akikaa kwenye joto mwilini mwake inatengenezeka histamini, sumu ambayo hupiki ikatoka wala hugandishi ikatoka, mlaji anavimba na kuwashwa, na mzigo wa kwenda nje ukipimwa ukakutwa nayo unakataliwa wote. Kwa hiyo jodari akitoka majini achinjwe damu itoke, aingie kwenye barafu dakika hiyohiyo, asilazwe sitahani mpaka mmalize kuvua. Kikundi kinachofanya hivyo kwa uhakika kitapata mnunuzi wa hoteli au wa kiwanda hata kikiwa na boti ndogo.

Kuhusu kuingia bahari kuu, kwa mita 14 na watu ambao hawajazoea mimi nasema msianze huko. Jodari na nguru wanaingia mkondo wa Pemba ndani ya mwendo wenu, mafuta kidogo, na mkipata hitilafu kuna wenzenu karibu. Nje ya maili 12 mtahitaji pia kuuliza utaratibu wa leseni kwa Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, wapo Fumba, Unguja. Jaribuni misimu miwili ndani kwanza. Na pangeni rejesho mkijua kwamba upepo wa kusi ukikaza kuna majuma mtakaa nchi kavu, ukigawa deni kwa miezi 12 sawasawa mtaanguka mwezi wa sita au wa saba. Ombeni ratiba inayolipa zaidi miezi ya kaskazi.

Njia nyingine ambayo sijui kama mmeifikiria: watu 12 si lazima wote wawe mabaharia. Boti ya mita 14 haihitaji wote. Sita waende, watatu wasimamie barafu na mauzo, watatu waingie kwenye dagaa na kina mama, vichanja vizuri vya kuanikia, turubai, mifuko safi. Hiyo sehemu ya pili inahitaji mtaji mdogo na inaweza kuwabeba kusi ikivuma. Ningekuwa mimi ningeanza na hiyo sasa hivi, na mkopo wa boti ningeuomba mwakani nikiwa na daftari la mauzo mkononi.

Mambo mengine siwezi kuyaamua kwa maandishi nikiwa mbali. Nendeni kwa afisa uvuvi wa wilaya na kwa BMU, yaani kikundi cha wananchi kinachosimamia uvuvi, ya diko lenu mkaulize mipaka, kwa sababu sehemu ya pwani yenu kuelekea Kigombe iko ndani ya hifadhi ya bahari ya silikanti, yule samaki wa kale wa kilindini, na kuna zana na maeneo yenye masharti. Chuo cha uvuvi cha FETA pale Mbegani, Bagamoyo, wanafundisha uendeshaji wa boti, mashine na utunzaji wa samaki, pelekeni angalau wawili kabla boti haijafika. Boti ikifika fundi wa mashine mnayemwamini aikague majini, mkiwa ndani, kabla ya kupokea. Na mkataba usomwe na mtu wa sheria, halmashauri wanaye, mkaribisheni hata kwa nusu saa mumuulize vitu vitatu: dhamana ni nini na ni ya nani, boti ikizama bima inalipa kiasi gani, na mwanachama akijitoa deni lake linabebwa na nani. Kama kwenye moja ya hayo matatu mtu anababaika kuwajibu, msisaini siku hiyo.